Je, snapshoti za NAS zinatosha kuwa nakala rudufu za seva ya barua pepe?

Uyole77 (Mbeya)

Wakuu, salaam. Ninasimamia seva ya barua pepe ya ofisi yenye watumishi wapatao sitini hapa Mbeya. Tunatumia Postfix (programu ya kutuma na kupokea barua) na Dovecot (inayowafungulia watumiaji masanduku yao). Barua zimehifadhiwa kwa muundo wa Maildir (kila barua na faili lake) katika NAS, yaani kifaa cha diski cha kwenye mtandao, yenye mfumo wa faili wa ZFS, ambayo seva inaifikia kupitia mtandao kwa NFS, ilhali majina ya watumiaji na nywila zao yamo katika hifadhidata ya MariaDB iliyo kwenye diski ya seva yenyewe. NAS inachukua snapshoti (picha ya hali ya data kwa wakati huo) kila saa, na kwa kuwa kila moja inakamilika kufumba na kufumbua, mkuu wangu wa kazi anauliza kwa nini bado tununue diski za nje za kunakilia data. Sikuwa na jibu la kumridhisha. Isitoshe, juzi mhasibu wetu alifuta kwa bahati mbaya folda nzima ya barua za wazabuni, nami nikasita kuirudisha hifadhi katika hali ya saa iliyotangulia, kwa sababu wenzake walikuwa wamekwisha kupokea barua nyingine. Naomba ushauri wenu.

FundiKihesa (Iringa)

Ndugu yangu, ulifanya vyema kusita. Ukitumia amri ya `zfs rollback`, hifadhi yote hurudi nyuma, na kila barua iliyoingia baada ya snapshoti hiyo hupotea, ya mhasibu na ya kila mtu mwingine. Kwa tatizo la mtu mmoja, usiiguse kabisa amri hiyo.

Ingia kwenye folda iliyofichika ya `.zfs/snapshot`, ufungue snapshoti ya kabla ya kosa, kisha utafute sanduku la mhasibu. Humo hakuna kinachoweza kubadilishwa, kwa hiyo huwezi kuharibu kitu. Nakili faili zilizomo katika folda za `cur` (barua zilizokwisha kuonwa) na `new` (mpya) pekee, uache faili za indeksi (orodha za barua), ambazo Dovecot itaziunda upya. Hakikisha mmiliki wa faili ni yuleyule wa awali, halafu uendeshe `doveadm force-resync` kwa mtumiaji huyo ili Dovecot ilikague upya sanduku lake. Tazama pia mwisho wa jina la kila faili: ukiona `:2,S`, barua hiyo ilikwisha kusomwa, na alama hiyo inarudi pamoja nayo. Mhasibu wako atazikuta barua alizozisoma zikiwa bado zimesomwa.

MamaNjombe

Kwa swali la mkuu wako wa kazi, mwambie kwamba snapshoti si nakala ya pili. Inapochukuliwa haihamishi data yoyote, bali inazuia data mpya isiandikwe juu ya vipande vya zamani vya diski, na ndiyo maana ni ya haraka. Vipande hivyo vimo katika diski zilezile. (Ndiyo maana pia ukifuta barua za miaka iliyopita diski inabaki imejaa, mpaka snapshoti zinazozishikilia zifutwe.)

Mimi nililipia somo hili. Msimu mmoja wa mvua radi ilipiga karibu na ofisi tuliyokuwa nayo; asubuhi nilipofungua kabati la seva nilipokewa na harufu ya plastiki iliyoungua, na NAS haikuwaka tena. Snapshoti zetu zote zilikuwa ndani yake. Tulipata barua za miezi iliyopita kutoka kwenye diski ya nje iliyokuwa nyumbani kwa mwenzetu, na zilizobaki hatukuziona tena.

Basi tumeni snapshoti kwenye kifaa kingine kwa `zfs send`, tena nje ya jengo hilo. Mara ya kwanza itachukua muda mrefu, lakini baadaye hutumwa tofauti tu kati ya snapshoti mbili, kwa hiyo hata intaneti ya wastani huimudu usiku.

FundiKihesa (Iringa)

Nakubaliana na Mama, na ninaongeza jambo moja. Maildir huandika barua kwanza katika `tmp` na kuihamishia `new` ikiwa imekamilika, hivyo snapshoti haitakupa barua nusu katika sanduku la mtu. Kwa kuwa unatumia NFS, weka `mail_fsync=always` katika Dovecot, ili ihakikishe barua zimeandikwa kweli diskini. Hatari iko kwenye MariaDB, kwa sababu snapshoti ya NAS haiigusi. Ukirejesha barua za leo na hifadhidata ya mwezi uliopita, mtumishi aliyeajiriwa wiki jana atakuwa na barua asizoweza kuzifungua. Endesha `mariadb-dump --single-transaction`, amri ya kuitoa hifadhidata kama faili, kila saa, dakika chache kabla ya snapshoti, na faili lake liwekwe palepale kwenye NAS.

Na siku ya kurejesha seva nzima, usiharakishe kuifungua kwa watumiaji kwa kuogopa kwamba barua za nje zitapotea. Seva zinazotuma hujaribu tena. Postfix, kwa mfano, isipobadilishwa mipangilio, huendelea kujaribu kwa siku 5.

Uyole77 (Mbeya)

Nawashukuru sana. Folda ya wazabuni imerudi leo mchana. Nilikwama mara moja tu, kwa sababu nilinakili nikiwa root (akaunti ya msimamizi mkuu) na Dovecot ikakataa kuzisoma faili mpaka nilipobadilisha mmiliki. Mkuu wa kazi amesoma kisa cha radi na kukubali tununue kifaa cha pili, ambacho tutakiweka kwenye tawi letu la Tukuyu. Mama, je, hizo data zinazotumwa kwa `zfs send` mlizipitisha kwenye SSH (muunganisho uliosimbwa), au mlitumia njia nyingine?

MamaNjombe

Tulizipitisha kwenye SSH, kwa sababu `zfs send` yenyewe haisimbi data inayosafiri. Kule Tukuyu fungua akaunti iliyopewa ruhusa ya kupokea tu, isiyoweza kufuta snapshoti, ili mtu akiivamia seva ya Mbeya asizifikie na zile za huko.