Kamati za mtoko wa ofisi, acheni kuiharibu Matema kwa picha ya saa saba mchana!

#1 (mleta uzi)

Wakuu wa Nyanda za Juu Kusini, mugonile.

Uzi huu ni wa hasira, anayetafuta lugha laini apite tu. Kila msimu wa mitoko ya ofisi ukifika, simu zinajaa picha zinazotia huruma za Matema, ufukwe wetu wa Kyela, kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Macho ya watu yamegeuka mashimo meusi, tisheti nyeupe zimeungua mpaka nembo haisomeki, ziwa limekuwa karatasi tupu, na Milima ya Livingstone, ambayo ndiyo iliyowatoa watu Mbeya mjini, haimo kabisa. Halafu lawama zote anabebeshwa mpiga picha. Jamani, hapo kamera haina kesi. Kesi ni ya ratiba, na ratiba inaandikwa na kamati.

Anzeni na basi. Karatasi inasema kuondoka saa mbili asubuhi. Kosta inasogea saa tatu kwa sababu mkubwa mmoja "yuko njiani". Uyole inasimama kwa ajili ya maji na mkate, Tukuyu inasimama tena kwa ajili ya ndizi. Mbeya mpaka Matema ni zaidi ya kilomita 120 kupitia Isyonje, Tukuyu, Kikusya na Ipinda, kona na miteremko, kwa hiyo Kosta iliyojaa msiipigie hesabu ya chini ya saa tatu. Mnafika saa sita na ushee. Tisheti zinagawiwa, saizi zinagombaniwa, mgeni rasmi anahutubia, ndipo mtu wa kamati anapaza sauti: "Tupige ya pamoja kabla hatujala!" Saa saba kasoro.

Sasa sikilizeni. Saa za Tanzania zinafuata nyuzi 45 mashariki, Matema iko karibu na nyuzi 34. Kwa hiyo huku kwetu jua halifiki juu kabisa saa sita. Linafika kati ya saa sita na nusu na saa saba, yaani dakika ileile kamati inayoipenda. Na kwa kuwa pale ni nyuzi tisa na nusu kusini mwa Ikweta, katikati ya Oktoba na mwishoni mwa Februari jua la mchana linakaa utosini, kivuli chako unakikanyaga. Paji la uso na pua vinang'aa, macho na kidevu vinazama gizani. Desemba jua limesogea kusini, upande wa ziwa, kwa hiyo mkigeuzia ziwa migongo linawapiga kisogoni. Juni na Julai limehamia kaskazini, linawapiga usoni, kila mmoja amekunja sura kama kang'ata ndimu.

Na lazima kuna anayeng'ang'ania "ziwa lionekane nyuma!" Haya, maji yanang'aa kuliko nyuso zote arobaini zikijumlishwa. Kamera ikiachwa ipime yenyewe inaona mwanga umezidi, inaubana, watu wanatoka vivuli. Mpiga picha akiufungua ili nyuso zionekane, ziwa na anga vinaungua. Flashi ndogo ya juu ya kamera kwa umbali wa mita saba, jua likiwa kali hivyo, ni kibatari mchana kweupe.

Matema ina mwanga mzuri mara mbili kwa siku, na kamati zinafanikiwa kuikosa yote miwili. Asubuhi jua linachelewa kuvuka Livingstone kwa sababu milima iko mashariki, imesimama karibu kama ukuta. Mpaka saa tatu na nusu hivi mwanga bado una adabu. Jioni ndiyo yenyewe. Jua linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na robo kutegemea mwezi, na kuanzia saa kumi na moja linaipiga ile milima kutoka magharibi mpaka makorongo yake yote yanaonekana. Wakati huo migongo isiwe ziwani, iwe kwenye milima. Kamera inatazama mashariki, nyuso zinapata jua la chini, ziwa lenyewe linaingia upande wa kulia wa picha bila kuombwa. Jua likiwasumbua macho, wote wafumbe, hesabu mpaka tatu, wafumbue, piga mfululizo.

Lakini saa kumi na moja jioni Kosta iko wapi? Imeshaondoka, inapanda Tukuyu!

#2

Mkuu, umesema vyema ila umesahau mbuzi. Kinachosukuma picha mpaka saa saba ni jiko. Mbuzi mzima wa kuchoma anataka saa mbili hadi tatu juu ya makaa yaliyotulia, sio moto wa ndimi. Kamati inafika naye kwenye basi lilelile, saa sita ndiyo kwanza watu wanatafuta mkaa na chumvi. Njaa inauma, watu wananuna, kila kinachofuata kinafanyika mbiombio, picha ikiwemo. Watangulizeni watu wawili tangu jana yake walale huko, saa nne asubuhi makaa yawe tayari. Wali nao, kilo moja ya mchele kwa watu saba au wanane inatosha, kwa hiyo watu arobaini ni kilo sita hivi. Na mchele ununuliwe Kyela. Kutoka na mchele Mbeya mjini kwenda nao Kyela ni matusi kwa wenyeji.

#3

Mimi nawalaumu wapiga picha pia, mleta uzi usiwakingie kifua. Watu arobaini wanapangwa mstari mmoja kama foleni ya maji, kisha jamaa anatumia ile lenzi pana ya simu, 0.5, ili waenee. Wa pembeni wanatoka na vichwa kama maembe bolibo.

Watu arobaini ni mistari mitatu: wa mbele wakae mchangani, wa katikati kwenye viti au mabenchi, wa nyuma wasimame, na wafupi wasifichwe. Hapo upana wa kundi ni kama mita sita na nusu. Simu isimame mita 6 ikitumia lenzi yake ya kawaida. Kamera yenye sensa kubwa isimame mita 8 na lenzi ya milimita 35. Tundu la lenzi f/8, kasi ya shata 1/250, ISO (usikivu wa sensa kwa mwanga) 200 hadi 400 kwa jua la jioni, fokasi kwenye mstari wa katikati. Piga kumi mfululizo, maana kati ya watu arobaini hakosekani anayepepesa. Mstari wa maji usipite shingoni mwa watu, inua au shusha kamera. Na usipinde! Ziwa lililoinama linaonekana kama linamwagikia Malawi.

Picha ya kuruka nayo, 1/1000 na kamera chini kabisa karibu na mchanga. Kwa 1/125 mnatoka ukungu mtupu.

#4

Tisheti nyeupe ni ugonjwa wa kitaifa. Pale mchanga wa kijivu, ziwa la bluu, milima ya kijani. Vaeni njano, chungwa au damu ya mzee. Bluu inamezwa na maji. Nyeusi kwa joto la Kyela ni adhabu, ziwa liko karibu mita 475 tu kutoka usawa wa bahari wakati Mbeya mjini ni kama mita 1,700.

Tofauti hiyohiyo ndiyo inayowashangaza wenye kamera. Julai unatoka Mbeya alfajiri na baridi lake, begi limelala kwenye buti. Unafika kwenye joto na unyevu, unalifungua papo hapo, lenzi inapata jasho. Watu wanafuta kwa pindo la tisheti lenye mchanga, kioo kinakwaruzika. Acha begi limefungwa nusu saa lizoee. Na lenzi haibadilishwi ufukweni, ibadilishwe ndani ya gari, upepo wa mchana pale unabeba mchanga.

#5

Naongezea la hatari kidogo maana naona mnaongelea urembo tu.

Upepo wa kusini kati ya Mei na Agosti unasukuma maji kutoka mbali sana. Ziwa Nyasa lina urefu unaozidi kilomita 500 na Matema iko mwisho wa kaskazini, kwa hiyo mawimbi yanafika pale yakiwa yamekomaa. Siku hizo msipakie watu kwenye mtumbwi kwa ajili ya picha. Mtumbwi wa kuchonga hauzami kwa sababu ya uzito peke yake, unapinduka pale wote wanapoegemea upande wenye kamera. Asiye na jaketi la kuokolea asipande, hata kama ni mkurugenzi. Mpiga picha abaki nchi kavu.

Midomo ya mito, kama Lufilyo, muiache. Mamba wapo. Na maji yaliyotulia yenye matete ndiyo yenye konokono wa kichocho. Ogeleeni kwenye mchanga wazi unaopigwa na mawimbi, hatari inapungua ingawa haiishi. Kujifuta taulo haraka sio kinga ya kutegemea. Aliyeingia majini akapime wiki sita hadi nane baadaye, kwa sababu dawa ya praziquantel inaua minyoo iliyokomaa, ukiimeza kesho yake tu hujafanya kitu.

#6

Mnapiga vizuri halafu mnaziua WhatsApp. Picha ikitumwa kawaida, mara nyingi upande mrefu unabaki kama pikseli 1,600. Kesho yake utawala unataka kuichapa A3 waitundike mapokezi. A3 safi, nukta 300 kwa inchi, inataka pikseli 4,961 kwa 3,508. Hiyo ya WhatsApp inatoa nukta mia hivi kwa inchi, nyuso zinakuwa tambi. Tumeni kama faili, au mpiga picha alete kwenye flashi ya kompyuta yamalizike.

Na kuna jeuri nyingine: dada wa uhasibu yuko na nguo ya kuogelea, jioni anajikuta kwenye ukurasa wa kampuni chini ya maneno "familia yetu". Hakuulizwa! Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, na picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake. Kusaini mkataba wa kazi sio ruhusa ya hilo. Ombeni ruhusa kwa maandishi kabla ya safari, na picha za majini zibaki kwa wenyewe. Droni vilevile, bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga msirushe.

#7

Hata wafinyanzi wa kabila la Wakisi pale soko la Lyulilo siku ya Jumamosi wanapigwa kama sanamu. Mtu anaushusha mtungi kutoka kwenye mtumbwi, kundi zima la ofisi limemzingira na simu, hakuna aliyesema hata shikamoo. Salimia, omba, nunua chungu. Kisha piga mikono yake na vyungu, hiyo ndiyo picha.

#8

Mleta uzi, hoja nzuri ila haitekelezeki. Saa kumi na moja jioni nusu ya watu wamelewa, tisheti zimelowa, na wa tatu kutoka kushoto hana viatu. Utapiga picha ya ofisi au ya msiba?

#9 (mleta uzi)

Mkuu wa #8, hapo umenibana kihalali, nakubali. Ndiyo maana picha ni mbili, sio moja.

Ya rasmi, yenye tisheti kavu na mkubwa katikati, inapigwa mkishuka tu kwenye basi. Mkiwa mmefika kabla ya saa tatu na nusu, pigeni wazi ufukweni, nyuso mashariki, kamera inatazama magharibi. Mkiwa mmechelewa, ingieni chini ya mwembe. Lakini wote kivulini kabisa, asibaki mtu na bega juani, na msisimame pale majani yanapopitisha vijua vya madoadoa maana vinawachora nyuso kama kanga wa porini. Nyuma yenu kuwe na shina au ukuta, sio ziwa linalong'aa. Kwenye simu gusa uso, kisha vuta juu kile kijua kinachotokea kwenye kioo mpaka sura ionekane. Kwenye kamera ongeza mwanga hatua moja juu ya unaopimwa.

Ya jioni ni ya watu wenyewe, na nguo walizonazo. Hiyo inahitaji kulala. Nasema kulala kwa sababu kuondoka Matema saa moja usiku ni kuukuta ukungu wa Isyonje saa tatu au saa nne, dereva amechoka, abiria wanaimba. Hakuna picha inayolipa hilo. Fedha za kulala zikikosekana, futeni ya jioni, ondokeni Mbeya saa kumi na moja alfajiri, saa tisa alasiri mgeuze.

Aliyenifuata faragha kuuliza kuhusu Aprili: usipeleke watu Aprili. Kyela mvua zake za masika sio manyunyu, milima haionekani na mito inashuka na matope mpaka ziwa la kando linakuwa rangi ya chai ya maziwa. Juni mpaka Oktoba ndiyo salama kwa anga, ila Septemba na Oktoba moshi wa mashamba unaifunika Livingstone, mkitaka milima safi nendeni Juni.

Na yule mkubwa anayekuwa "njiani", mwambieni Kosta inaondoka saa kumi na moja kamili. Akichelewa, gari analo.