Wakuu naomba ushauri: bunduki ya shabaha na haki zangu nikiwa Texas

mlenga_shabaha:
Habari za wakati huu wakuu. Niko huku Dallas, siku hizi naenda renji na jamaa wa kazini kupiga shabaha, karatasi tu na vile visahani vya chuma, hata ndege sijawahi kumlenga. Nimeupenda huu mchezo kuliko nilivyotegemea. Unaziba masikio, unashusha pumzi, unabonyeza taratibu, na kwa muda ule hakuna kodi ya nyumba wala msimamizi wala simu ya hela kutoka Mbagala. Sasa nataka bunduki ndogo ya .22 yangu mwenyewe, zile Ruger 10/22, risasi zake ni bei rahisi. Naomba kujua mambo mawili, jina langu litaingia kwenye orodha ya serikali? Na polisi wakinigongea mlango wakataka kuangalia kama kuna silaha ndani, nina haki ya kukataa? Usingizi siupati vizuri ndo maana nauliza. Asanteni.

Mzee wa Mesquite:
Kijana hapo kwenye orodha ngoja nikutoe wasiwasi maana nimenunua bunduki hapa tangu enzi za Clinton. Ukienda dukani unajaza fomu 4473, na hiyo fomu inabaki DUKANI, haiendi Washington. Duka linauliza mfumo wa FBI unaitwa NICS, ulianza 1998, ukipita ile rekodi ya kupita inafutwa ndani ya masaa 24. Sheria ya 1986 ilikataza serikali kuu kutengeneza daftari la wenye bunduki. Duka likifunga biashara ndo makaratasi yake yanapelekwa kwa ATF, idara ya serikali kuu inayosimamia silaha, kule Martinsburg, West Virginia, na hata huko hawaruhusiwi kuyatafuta kwa jina la mtu. Watu walipigania hilo na bado wanapigania. Serikali ikishajua kila nyumba ina nini, siku ikigeuka inajua pa kuanzia. Nunua, jifunze usalama, piga shabaha.

Mama Neema:
Mwanangu mimi sitaongelea sheria. Kaka yangu kule Kibaha alikuwa na gobole la kufukuzia ngedere, analiweka juu ya kabati. Mtoto wa jirani akapanda kiti. Namshukuru Mungu halikuwa na kitu ndani, lakini mama yake yule mtoto hakutusalimia tena mpaka tumehama. Una watoto? Una mke? Kuna michezo mingi, si lazima huo.

Kamau_wa_Plano:
Hiyo story ya orodha imenikumbusha home Kenya. December 2018 waziri wa usalama wa ndani wakati huo, Matiang'i, alitoa siku 90 kila raia mwenye bunduki akapigwe vetting upya. Mzee wangu alikuwa na leseni miaka mingi na hajawahi kuwa na kesi, akaambiwa apange foleni atoe alama za vidole kama amekamatwa. Alirudi amekasirika hadi hakula. Alisema mimi si mwizi, mbona nijieleze? Mpaka leo ukimtajia hiyo maneno anaanza upya. So ndugu shukuru uko Texas, hapa tangu September 2021 mtu wa miaka 21 anabeba bastola bila hata kibali cha kubeba. Sisi kwetu hata kuuliza ni kesi.

DadaZuhura:
Kaka, kabla hujajibiwa na watu kumi, wewe una karatasi gani? Raia, grinkadi, au viza?

mlenga_shabaha:
Asanteni wote. @Mama Neema sina mtoto, naishi peke yangu. @Mzee shukrani sana umenipunguzia. @DadaZuhura niko kihalali kabisa, sina tatizo na mtu.

DadaZuhura:
Sijauliza kama una tatizo na mtu. Nimeuliza karatasi.

Mzee wa Mesquite:
Mjibu dada, hata mimi nilidhani una grinkadi ndo maana nikakwambia nunua.

mlenga_shabaha:
Nilikuja na F-1, viza ya mwanafunzi, nimemaliza chuo, sasa niko OPT, kile kibali cha kufanya kazi baada ya masomo. Ila sioni inahusiana nini, I-94 yangu, ile rekodi ya kuingia nchini, safi, kodi nalipa, na Katiba kwenye haki ya silaha imesema "watu", haijasema raia.

DadaZuhura:
Inahusiana kuliko vyote ulivyoandika. Nafanya kazi kwenye ofisi ya wakili wa uhamiaji, mimi si wakili, lakini hili naliona. Sheria ya shirikisho inamkataza mtu aliyeingia kwa viza ya muda KUMILIKI AU KUSHIKA bunduki au risasi. F-1 imo. Kuna milango michache, na unaotumika zaidi ni kuwa na leseni ya kuwinda ambayo haijaisha muda, iliyotolewa na jimbo lolote. Bila hiyo hata ile ya kukodi pale renji ni shida. Na kosa la bunduki ni moja ya yanayomwondoa mtu nchini, halafu adhabu yake jela inafika miaka 15.

mlenga_shabaha:
Hilo la leseni ya kuwinda nalijua dada, jamaa aliniambia mapema. Ila hapa Texas nguruwe pori hawahitaji leseni, tangu 2019 mwenye shamba akikuruhusu unapiga tu. Kwa hiyo nikaona hakuna haja ya kulipia leseni ya kitu ambacho jimbo lenyewe halikitaki.

DadaZuhura:
Hapo ndo watu wanapopotea. Jimbo kukuruhusu kupiga nguruwe bila leseni ni jambo la jimbo. Shirikisho linataka uwe na KARATASI yenyewe mfukoni, hata kama hutapiga nguruwe maisha yako yote.

Na sikiliza hii. Kuna kijana wa Falme za Kiarabu, Rehaif, alikuja Florida kusoma kwa F-1. Chuo kikamwondoa kwa alama mbaya, akabaki, akaenda renji akapiga risasi kama unavyopiga wewe. Akashtakiwa, akafungwa, kesi ikafika Mahakama ya Juu. Juni 2019 majaji 7 kwa 2 wakasema serikali lazima ithibitishe kwamba mtu alijua yuko kwenye kundi lililokatazwa. Ni ushindi mkubwa kwa haki za mshtakiwa. Lakini wewe dakika chache zilizopita umeandika hapa hadharani "hilo nalijua".

Kamau_wa_Plano:
Weeeh.

Mzee wa Mesquite:
Kijana nina swali. Umesema UNATAKA kununua. Mbona swali la pili ni polisi kugonga mlango, na usingizi hupati? Mtu hakosi usingizi kwa bunduki iliyoko dukani.

mlenga_shabaha:
Mzee nitakuwa mkweli. Iko ndani kabatini, kwenye boksi lake, na kile kibendera cha rangi ya chungwa cha kuonyesha chemba haina kitu hata sijakitoa. Binamu yangu ni raia, yeye ndo alinunua, fomu kajaza yeye, FBI wamempitisha yeye. Mimi nilimtumia hela tu. Sasa kuna jirani aliona boksi siku naingiza ndo nikaanza kuwaza.

Lakini wakuu tuwe wakweli, kosa liko wapi? Ndugu hawezi kumpa nduguye kitu? Wazungu kazini wanauziana bunduki pale maegeshoni bila fomu yoyote na hakuna anayewauliza. Mimi nataka kutoboa karatasi Jumamosi nirudi nyumbani nilale. Mbona uhuru ukinifikia mimi unakuwa na masharti?

DadaZuhura:
Uliituma hela kabla hajanunua au baada?

mlenga_shabaha:
Kabla. Kwa simu.

DadaZuhura:
Kaka yangu. Zawadi ni pale mtu anaponunua kwa hela YAKE akampa mwingine ambaye anaruhusiwa. Fomu 4473 inauliza wazi kama wewe ndiye mnunuzi halisi, binamu kajibu ndiyo. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ilimaliza hilo kwenye kesi ya Abramski, aliyekuwa askari polisi, alimnunulia mjomba wake bastola kwa hela ya mjomba. Mjomba mwenyewe alikuwa anaruhusiwa kabisa kununua! Majaji 5 kwa 4 wakasema bado ni uongo kwenye fomu. Wewe huruhusiwi. Na 2022 Bunge likaongeza sheria maalum ya kununua kwa niaba, nayo miaka 15. Na hao wa maegeshoni, sheria inawakataza kumuuzia mtu wanayejua kakatazwa. Kwa hiyo usijihesabu peke yako hapa, mhesabu na binamu.

Mama Neema:
Jamani huyo binamu ana familia?

mlenga_shabaha:
Ana wawili.

Mchunguzi_Huru:
Samahani nimesoma uzi wote na mimi naona hii ni CHAI. Kwanza mwanafunzi wa F-1 "jamaa wa kazini" na "msimamizi" anawatoa wapi, wakati F-1 anafanya kazi ndani ya chuo masaa 20? Pili mwanzo ni "nataka kununua", mara iko kabatini. Tatu jamaa wa kazini kageuka binamu. Nne kila akiulizwa anatoa kipande kimoja tu, kama mtu anayeandika hadithi. Ama ni mwandishi anatafuta maoni ya wageni wenye bunduki, ama ni mtu wa serikali anavua samaki humu. Mzee wa Mesquite wewe umeshamwaga kwamba una bunduki tangu Clinton, hongera.

Kamau_wa_Plano:
Maze hiyo point ya serikali imenishtua. Mimi sijasema mzee wangu anaishi wapi, si ndio?

Mzee wa Mesquite:
Mimi ni raia na bunduki zangu ni halali, simwogopi anayesoma. Ila nikubali huyu Mchunguzi kanitia shaka. Kijana jibu.

mlenga_shabaha:
Sijatunga. OPT unafanya kazi nje ya chuo, na mimi nilisomea lojistiki ndo maana niko kwenye ghala. Jamaa wa kazini ndo aliyenipeleka renji, binamu ndo aliyenunua, ni watu wawili. Nilificha kwa sababu naogopa. Mnataka nipige picha ya kabati?

DadaZuhura:
USIPIGE PICHA YOYOTE. Na Mchunguzi, kuhusu OPT amesema kweli. Mengine siwezi kuyathibitisha na sihitaji, wapo vijana wa kweli wa F-1 wanaokodi bunduki wikiendi hii hawajui.

Kaka sasa nakujibu swali lako la pili, la polisi kugonga mlango. Ndiyo, unayo haki. Marekebisho ya Nne ya Katiba yanakulinda nyumbani kwako hata ukiwa na F-1. Polisi bila hati ya upekuzi iliyosainiwa na jaji hawaingii mpaka uwaruhusu, labda kuna dharura ya kweli. Unaongea kupitia mlango, unasema sikubali upekuzi, sitajibu maswali bila wakili. Usiwadanganye, nyamaza, maana kumdanganya afisa wa shirikisho ni kosa jingine. Haki ya kunyamaza ni yako pia na umeitumia vibaya sana leo, umeandika yote.

Usiibebe kwenye gari kumrudishia binamu kwa akili yako, usiiuze, usiitupe Mto Trinity. Usimpangie binamu cha kusema. Tafuta wakili anayejua uhamiaji NA jinai, si mmoja kati ya hivyo. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo ni watu wazuri lakini si mawakili wako, ukiwaambia hawana wajibu wa kukutunzia siri. Wakili ndo atasema hiyo bunduki inatokaje hapo ndani na nani anaishika.

mlenga_shabaha:
Na renji Jumamosi? Nilishalipia ya mwezi.

Mzee wa Mesquite:
Achana na renji wewe!! Hiyo hela imekwenda. Mimi naamini haki ya bunduki kuliko watu wengi humu, na naona sheria hii inawaonea vijana kama wewe wasio na ubaya wowote, lakini ya kuibishia ni mahakamani, na anayebisha ni wakili. Nitumie ujumbe pembeni nikupe namba ya mmoja hapa Dallas.

mlenga_shabaha:
Nimeongea na wakili, miadi ni kesho asubuhi. Kitu cha kwanza kanikataza kuandika tena mtandaoni. Mods naomba mfunge uzi. Asante dada, asante mzee.

Mchunguzi_Huru:
Fungeni, ila mimi bado sijaamini.

Kamau_wa_Plano:
Kabla hawajafunga, kuna cousin anakuja August na viza ya kutembea, ni renji gani hapa Dallas itamkubalia passport ya Kenya? Anataka sana kujaribu.

DadaZuhura:
Kamau, rudi juu usome uzi tangu mwanzo.