Mjadala: Dhidi ya spredi, lainibeka wa tatu abaki au atoke?

Mleta mada
Nazungumzia futiboli ya Marekani, ngazi ya vyuo. Spredi ni hivi: wapinzani wanatawanya wapokeaji wanne, wawili kila upande, na mkimbiaji mmoja pembeni ya kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi. Taiti endi, yule mpokeaji mzito anayejipanga mwishoni mwa mstari wa wazuiaji, hakuna. Wewe ulinzi wako ni 4-3: wanne mstari wa mbele, lainibeka watatu nyuma yao, mabeki wanne wepesi wa kuzuia pasi. Msimamo wangu ni kwamba lainibeka mmoja atoke, aingie beki wa tano, na huyo beki awe wa kuanza mechi, si wa kuingia na kutoka. Kanuni ndiyo inayolazimisha. Mwamuzi huzuia mpira usianze ili ubadili watu pale tu wapinzani wanapobadili. Wasipobadili, wanacheza haraka haraka na mtu wako mzito amenaswa uwanjani. Akitoka mbio amechelewa mnakuwa 12, yadi 5 za adhabu.

Mchangiaji wa 1
Mkuu, umepigia hesabu pasi ukasahau mbio. Kwotabeki anayekimbia anaongeza mtu. Mstari wao wa watano unazuia watano wenu, mlinzi wa mwisho pembeni anaachwa makusudi, na kwotabeki anamtazama yeye tu: akimfuata mkimbiaji, kwotabeki anabaki na mpira na kupita alipotoka. Watu sita wa kati wamekwisha hapo. Sasa unataka kuwapunguza?

Mleta mada
Sipunguzi hata mmoja, ndugu. Tazama lainibeka wa tatu anasimama wapi kwenye mpangilio huo. Yuko nje, mbele ya mpokeaji wa ndani, yadi 5 nyuma ya mstari. Boksi, yaani eneo la katikati karibu na mstari, lina watu sita kwa 4-3, na lina sita hao hao kwa 4-2-5. Kinachobadilika ni nani anasimama pale nje, mzito au mwepesi. Na pale ndipo wanapopigia RPO, mchezo wa kuchagua mbio au pasi: kwotabeki anajifanya kumpa mkimbiaji mpira, mzito wako anapiga hatua mbili mbele, pasi fupi inapita nyuma ya bega lake. Mtu wa saba wa kuzuia mbio atoke kwa sefti, yaani mabeki wa nyuma kabisa.

Mchangiaji wa 2
Kwa nini mnabishania 4 mbele? Timu ya chuo cha Iowa State msimu wa 2017 walikwenda 3-3-5, sefti watatu nyuma, na mwaka huo wakawafunga Oklahoma 38-31 ugenini. Sefti wa kati anaanza yadi 10 hadi 12, anashuka baada ya mpira kuanza, kwa hiyo kwotabeki hamwoni kwenye hesabu yake ya mwanzo. Ila mfumo huu una sharti moja kali: mtu wa katikati ya watatu wa mbele aweze kuvuta wazuiaji wawili. Asipoweza, senta wao, mzuiaji wa katikati anayeanzisha mpira, anapita bure hadi kwa lainibeka na mbio za katikati zinakula yadi 6, 7, kila mara.

Mchangiaji wa 1
Nakubali hesabu ya boksi. Ila wepesi una bei yake. Chargers wa ligi ya kulipwa, Januari 2019, waliweka mabeki saba karibu mechi nzima dhidi ya Ravens na kwotabeki wao mkimbiaji, Lamar Jackson, wakashinda 23-17, na kila mtu anautaja mchezo ule. Wiki chache kabla walikuwa wamefungwa 22-10 na timu hiyo hiyo, kwa hiyo walijua wanajiandaa na nini. Na Ravens wale walipenda taiti endi. Hawakuwa spredi ya wapokeaji wanne. Mfano wa mechi moja usiwe msingi wa msimu.

Mchangiaji wa 3
Mnasahau uwanja wenyewe. Upana ni yadi 53 na futi 1. Kwenye vyuo mpira ukiwekwa alama ya kando (moja ya safu mbili za alama fupi ndani ya uwanja ambazo mpira huanzia kati yake), upande mwembamba una yadi 20 na mpana yadi 33 na futi 1. Kwenye ligi ya kulipwa alama zimekaribiana, tofauti ni ndogo zaidi. Kwa hiyo beki wa tano aende upande mpana daima, hata wapokeaji wakiwa sawa pande zote, na lainibeka mwenye kasi zaidi kati ya wawili awe jirani yake. Na msimchague kwa saa ya kupimia mbio tu. Mpeni mpokeaji wa ndani amzuie kwa mikono kifuani, muone kama anajinasua na kumshika mkimbiaji kiunoni kabla hajafika mstari wa pembeni. Akisukumwa mara tatu mfululizo, mrudisheni lainibeka wenu.