ROBO MZUNGUKO! Huyu mtu anyang'anywe spana

Nati_na_Washa (mleta uzi)
Wakuu, sitaji jina. Mnamjua nyote: yule anayejibu kabla swali halijafika kwenye alama ya kuuliza. Jibu lake la leo bado la moto, lisomeni kabla hajalifuta. Mtu kauliza kistaarabu kabisa: Cadillac ya 1997, injini Northstar V8 ya lita 4.6, kulanti (maji ya kupozea injini) inapungua, chini hapadondoki tone, kwenye mlima inachemsha. Bwana mkubwa akajibu: "Kaza tena boliti za hedi, robo mzunguko kila moja, mwaga dawa ya kuziba, endelea na maisha. Wenye magari haya mnapenda kulialia."

ROBO MZUNGUKO.

Yaani robo. Mzunguko. Kwenye Northstar. Hata mtu anayefunga mfuniko wa chupa ya dawa husikilizia kwanza!

Bloku ile (mwili wa injini) ni aluminiamu, jamani, na hedi ni vifuniko vyake vya juu. Boliti kubwa kumi kila hedi, jumla 20, M11 (unene milimita 11), na kabla ya modeli za 2000 uzi wake ulikuwa wa hatua ya milimita 1.5, mwembamba kama kope za mende. Boliti zile ni za kukazwa mara moja tu: torki ndogo ya kuanzia, kisha unazungusha kwa vipimo vya nyuzi (digrii), hatua kwa hatua, mpaka boliti yenyewe inavutika kidogo. Ikifunguliwa inatupwa. Sasa wewe unafika miaka ishirini na kitu baadaye na kuongeza robo mzunguko. Hujakaza kitu, umeng'oa! Boliti itazunguka laini kama usukani wa gari la kitoto, na ukiichomoa itatoka imejiviringishia aluminiamu shingoni kama mkufu.

Halafu eti tunapenda kulialia. Robo mzunguko!

Kiti_cha_Velveti
Kwa hiyo huu ni uzi kuhusu nyuzi zilizozidishiwa nyuzi 90. Nimeelewa. Endeleeni, nimeshakaa.

Bondeni_V8
Mleta uzi punguza herufi kubwa, lakini hoja unayo. Mimi kilichoniudhi si robo mzunguko. Ni kwamba hakumwambia yule ndugu apime kwanza. Si kila Northstar inayochemsha imekufa boliti. Kuna mpira mwembamba unaotoka juu ya injini kwenda kwenye tangi la akiba la kulanti, kazi yake kutoa hewa. Ukiziba, hewa inakaa ndani na gari linachemsha vilevile kama la hedi. Fungua mfuniko injini ikiwa BARIDI, washa, chomoa ncha ya mpira upande wa tangi: kulanti itoke mfululizo. Ikiwa kavu, zibua kwa waya mwembamba, na usisahau ile boliti yenye tundu katikati upande wa injini, uchafu hupenda kujificha humo.

Baada ya hapo ndipo unapima gesi. Punguza kulanti kidogo kwenye tangi ili isinyonywe na kipimo, weka kile chombo chenye maji ya bluu, injini ipate moto. Bluu ikigeuka njano, moshi wa silinda unaingia kwenye maji, hapo tena hakuna mjadala. Asiye na kipimo aguse mpira mkubwa wa rejeta asubuhi: ukiwa mgumu kama rungu ndani ya dakika moja, kabla joto halijapanda, presha hiyo haikutoka kwenye joto.

Nati_na_Washa
Asante Bondeni. Umeandika aya mbili ukataja robo mzunguko mara moja tu, sijui umewezaje.

Sina_Presha
Pole zenu, lakini gari gani linawekewa stata bondeni katikati ya V, chini ya manifodi (mabomba ya kugawia silinda hewa)? Stata ikifa unafumua mfumo wote wa kuingiza hewa kukifikia kitu cha boliti mbili. Na pampu ya maji nayo ina mkanda wake peke yake unaozungushwa na kamshafti, umefichwa upande wa gia boksi. Mkanda ukilegea au tenshena yake ikichoka gari linachemsha, watu wanakimbilia kulaumu hedi. Aliyechora ile injini alikuwa amegombana na mafundi.

Kulanti_Tatu
Tusimwonee mzee wa watu kwa kila neno. Kwenye "dawa ya kuziba" hakukosea sana. Kiwanda chenyewe kilikuwa kikiweka vidonge vya kuziba kwenye kulanti ya Northstar.

Nati_na_Washa
Vidonge vile ni vya jasho la vitundu vidogo vya aluminiamu! Siyo vya hedi iliyonyanyuka! Presha ya mwako inapita pale kama upepo mlangoni, unataka kuizuia kwa vumbi? Dawa ya mtungi mzima inaishia kuziba rejeta, rejeta ya hita, na ule mpira mwembamba aliousema Bondeni. Kisha gari linachemsha kwa sababu mbili badala ya moja.

Kwa faida ya wanaosoma kimya: kilichokufa mara nyingi si gasketi (kizibo kati ya hedi na bloku), ni uzi ndani ya bloku. Ukibadilisha gasketi peke yake, ugonjwa unarudi. Dawa ni moja. Injini inashushwa kwa chini pamoja na fremu yake, hedi zinatolewa, matundu yote 20 yanatobolewa upya kwa kutumia bamba la kuongozea linalofungwa kwenye bloku ili keekee isiende upande. Unachonga uzi mpya mkubwa zaidi, unapuliza vumbi lote litoke, unaweka bushi za chuma zenye uzi ndani na nje, kwa gundi ya uzi. Wengine wanaweka stadi (vyuma vya uzi vinavyofungwa kwa nati) badala ya boliti. Yote 20, siyo yale manne yaliyokufa tu, maana yaliyobaki yamezeeka siku moja na wenzao. Tundu likibaki na oili au maji chini, boliti itabana maji badala ya hedi. Torki itasema sawa na ni uongo, na bloku inaweza kupasuka. Hedi nazo zipimwe kwa rula ya chuma kabla hazijarudi. Boliti mpya. MPYA.

Ukimaliza yote hayo, kuna mtu atakuja kukwambia ungeongeza tu robo mzunguko.

Mpita_Njia_8
Kuanzia modeli za 2000 uzi ulibadilishwa ukawa wa hatua ya milimita 2.0. Afadhali kidogo.

Kulanti_Tatu
Tena ile injini ikiishiwa kulanti inajizimia silinda nne nne kwa zamu, zinazozimwa zinapigwa hewa tupu zipoe. Gari linaenda bila maji! Mjerumani anayo hiyo?

Bondeni_V8
Hiyo ni ya kukutoa barabarani, mkuu, siyo ya kusafiria. Zima, subiri ipoe.

Mfuko_wa_Hewa
Nyie wa Northstar mmepewa robo mzunguko mnalia, sisi wa Lincoln Town Car, tunaobebwa nyuma na mifuko ya hewa badala ya springi, huyo huyo alitaka kutuua. Mtu kauliza kwa nini gari linalala matako asubuhi. Jibu: "Piga jeki, chomoa valvu ya mfuko." Basi! Hakusema swichi ya suspensheni iliyo kwenye buti izimwe KWANZA. Hakusema valvu ile inazungushwa mpaka kituo cha kwanza, unaacha hewa ilie mpaka inyamaze, kisha unazungusha kituo cha pili ndipo unavuta. Ukiichomoa kwa pupa inaruka kama risasi.

Na gari kulala usiku si kazi ya kompresa (pampu ya hewa). Ni mfuko wa mpira uliopasuka kwenye mikunjo, au oringi (pete ya mpira) ya valvu. Puliza maji ya sabuni, utaona mapovu. Kompresa inakufa baadaye kwa kufanya kazi bila kupumzika kujaza mfuko unaovuja. Anayebadilisha kompresa akaacha mfuko anatayarisha msiba wa pili.

Sina_Presha
Weka springi za koili, usahau.

Mfuko_wa_Hewa
Ndiyo hao sasa. Unalichukua gari lililotengenezwa lielee, unalipa mwendo wa mkokoteni, na taa ya onyo inabaki inawaka usoni kwa sababu moduli bado inatafuta mifuko yake. Hongera.

Sina_Presha
Mkokoteni haulali matako.

Bondeni_V8
Kabla hamjauana kwa springi, mwenye Town Car ya 1996 hadi 2001 aangalie manifodi yake. Ni ya plastiki, na njia ya maji ya mbele, karibu na altaneta, hupasuka. Kulanti inajaa bondeni, inaingia kwenye visima vya plagi, injini inaanza kukohoa, watu wanabadilisha koili. Nunua ile yenye sehemu ya mbele ya aluminiamu. Hizo za plastiki tupu usirudie.

Kiti_cha_Velveti
Huyo bwana wenu alishauri pia kung'oa dashibodi nzima kwa sababu hewa ya AC ya Lincoln inatoka kwenye kioo cha mbele tu. Dashibodi nzima! Tatizo liko nyuma ya kidude cha kuchagulia baridi: oringi za kile kibloku cha valvu za vakyumu (mnyonyo wa hewa kutoka kwenye injini) zimekauka. Vakyumu ikipotea milango ya hewa inarudi kioo cha mbele yenyewe, ndivyo ilivyopangwa, dereva asikose kuona njia. Chomoa urembo wa dashi, skrubu nne, vuta kidude, fungua kibloku, badilisha oringi, paka grisi ya silikoni. Siyo grisi ya kawaida, inavimbisha mpira.

Nati_na_Washa
Wakuu, tulikuwa kwenye robo mzunguko.

Mfuko_wa_Hewa
@Kiti_cha_Velveti hii imenisaidia sana. Yangu ukikanyaga mafuta tu hewa inakimbilia kwenye kioo, ukiachia inarudi.

Kiti_cha_Velveti
Ndiyo yenyewe hiyo. Ukikanyaga, vakyumu ya injini inashuka, na kilichobaki kinavujia hapo.

Nati_na_Washa
Nyuzi 90, jamani. Kwenye aluminiamu.

Mpita_Njia_8
Oringi ni ngapi?

Kiti_cha_Velveti
Nne.