Tupeane uzoefu: mwanamichezo ni shujaa, au ni bingwa tu?

Jirani_Kondele (Kisumu): Habari za jioni, wadau. Jana kibandani nusura chai imwagike. Mmoja kasema Faith Kipyegon ni shujaa: dhahabu tatu mfululizo za mita 1500, Rio, Tokyo na Paris, nani mwingine kafanya hivyo? Mwenzake akamjibu huyo ni bingwa, shujaa ni mtu mwingine kabisa. Mimi nimebaki katikati.

Mwaka 1987 Gor Mahia ilipokutana na Espérance ya Tunisia kwenye fainali ya Kombe la Mandela, baba alianika betri za redio juani tangu asubuhi. Kule Tunis ilikuwa 2-2, Nairobi ikawa 1-1, na mama hakuelewa sare mbili zinaletaje kombe. Baba akachukua punje za mahindi, akampangia mezani mabao ya ugenini: yetu mawili ya Tunis, yao moja la Nairobi, basi kombe letu. Hadi anafariki aliwaita vijana wale mashujaa. Lakini jirani yetu, mvuvi wa Dunga, aliwahi kuingia ziwani usiku wa dhoruba akarudi na watu wawili ambao mtumbwi wao ulipinduka. Huyo, baba alimwita tu "yule jamaa wa samaki". Jambo hili hunisumbua. Nyinyi je?

Shabab_Mzee (Nakuru): Huku kwetu mjadala ulifungwa zamani. Timu yetu ya raga ya wachezaji saba inaitwa Shujaa, basi. 2016 walipoichapa Fiji 30-7 kwenye fainali kule Singapore nilikuwa kwa kinyozi. Aliacha kichwa changu nusu akakimbilia barabarani kushangilia. Nikaenda nyumbani hivyo hivyo.

Mwalimu_K (Kakamega): Tukiwa shuleni tulisimuliwa jinsi Kipchoge Keino alivyokimbia Mexico 1968 huku nyongo ikimsumbua, na bado akamwacha Jim Ryun kwenye mita 1500. Hadithi nzuri, ila mwalimu wetu wa michezo aliitumia kutunyima ruhusa ya kwenda zahanati. Mbio za wilaya nilikimbia na malaria, nikaanguka mzunguko wa tatu, nikaja kuzinduka kitandani na dripu mkononi. Tangu hapo mtu akiniambia "kuwa shujaa" naangalia kwanza yeye anapata nini. Keino mwenyewe namvulia kofia, na zaidi kwa wale yatima waliolelewa nyumbani kwake Eldoret.

Mama_Ndizi (Kitale): Nimesoma kimya siku mbili, leo niseme.

Nilikuwa mkimbiaji wa barabarani. Si wa kujulikana sana, ila nilitoka nje ya nchi mara kadhaa, nikapata kitu kidogo, nikawajengea wazazi, nikanunua ng'ombe wawili. Nikipita kijijini watoto wananifuata, "Shujaa! Shujaa!" Kumbe kadi ya benki anayo mume wangu, ambaye pia alijiita kocha wangu, na mimi nafanya mazoezi saa sita mchana na jezi ya mikono mirefu ili alama zisionekane. Siku moja nikamwambia shemeji. Akacheka: "Wewe unayewashinda Wazungu utapigwaje na mtu mmoja?" Niliporudi nyumbani sikumwambia mtu mwingine tena. Ningemwambia nani? Shujaa hapigwi.

Oktoba 2021 Agnes Tirop aliuawa kule Iten, mwezi mmoja tu baada ya kuweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 za wanawake pekee huko Ujerumani. Usiku ule nilikaa kitandani nikihesabu viatu vyangu. Alfajiri nikapanda matatu kwenda kwa dada yangu na jozi mbili. Ng'ombe niliwaacha.

Shabab_Mzee: Pole sana, dada. Na mimi nilileta habari za kinyozi.

Mama_Ndizi: Usijali, kaka, nilicheka. Nilihitaji.

Mwalimu_K: Bado unakimbia, dada?

Mama_Ndizi: Kila asubuhi, kabla sijafungua kibanda. Mikono mifupi.

Shabab_Mzee: Jirani wa Kondele, hukumalizia. Zile betri zilifika mwisho wa mechi?

Jirani_Kondele: Wapi! Zilikata dakika za mwisho. Baba alitoka nje akasimama uani akisikiliza, hadi mtaa mzima ulipopiga kelele.