Vibarua wa ng'ambo ya Ruvuma kwenye korosho, nyie mnafanyaje?

mkulima_newala: Habari za asubuhi wadau. Nina shamba la korosho huku Newala kaniachia marehemu mzee. Sasa msimu ndo huu, korosho zinadondoka kila siku, vijana wa hapa kila mtu yuko shamba la kwao, nikimpata mmoja anataka hela yake jioni hiyohiyo na mimi sina mpaka mzigo ufike chama cha msingi cha ushirika, upigwe mnada, ndo hela iingie benki. Juzi wamepita Wamakonde wanne kutoka Msumbiji, bei yao chini na wamekubali kusubiri mnada. Nimewapa siku mbili, aisee wanaokota, bibo, lile tunda lake, linanyofolewa vizuri, mchanga unakung'utwa, gunia safi. Ila jirani ananiambia ntakamatwa, afu nawanyima riziki vijana wetu. Naombeni ushauri.

kusini_kwetu: Dada, kwenye sheria jirani yako hajakosea. Kuna sheria ya ajira za wageni ya 2015, mgeni hafanyi kazi bila kibali, na mwajiri akimtumia bila kibali naye ana kosa, sio mgeni peke yake. Kuvuka mpaka pale Kilambo au Mtambaswala kuja kutembea sio ruhusa ya kuajiriwa.

kijana_tandahimba: Mimi nimeokota sana korosho za watu na kazi hatukatai. Mwaka juzi nimefanya kwa mzee mmoja wiki tatu, akasema subiri mnada, mnada ukapita, akasema subiri wa pili, mpaka leo. Ndo maana tunataka chetu jioni. Huyo wa ng'ambo anasubiri kwa sababu akidhulumiwa hana pa kushtaki, akienda polisi anaanza kuulizwa karatasi yeye. Hiyo bei ya chini ni woga dada yangu, na inatushusha wote.

mjukuu_wa_mueda: Bibi yangu katokea Mueda, huko Msumbiji, alivuka mto enzi za Mreno, kwa hiyo hao mi nawaita wajomba. Usije ukawalipa kwa korosho, zitaishia kwa wanunuzi wa kangomba, wale wanaonunua kimagendo nje ya chama. Siku walizofanya walipe zote, taslimu.

mkulima_newala: Asanteni. Jana nimekopa kwa shemeji nimewapa hela yao yote. Wewe wa Tandahimba, kama upo njoo na mwenzio, nusu kila Jumamosi, nusu mnada wa kwanza, tunaandikishana kwa mtendaji wa kijiji kabla hujaokota hata moja. Chakula cha mchana kipo.