Naomba ushauri: kura za urais jimboni Maine zinahesabiwaje?

Habari zenu ndugu zangu. Naishi Lewiston, Maine, na huwa nawasaidia wazee wetu kutoka Kongo waliopata uraia wajiandae kupiga kura. Wanayouliza yananishinda.

Maine ina wajumbe 4 wanaomchagua rais. Wawili huenda kwa mshindi wa jimbo zima, na kila wilaya ya bunge hutoa mmoja wake. Ndiyo maana mwaka 2016, 2020 na 2024 Trump alipata mjumbe wa wilaya ya pili, yetu hii, huku Democrats wakichukua watatu. Hapo wazee wanaelewa, tena wanafurahi kuona kura ya huku ina uzito wake. Kinachotukwamisha ni kupanga wagombea kwa nafasi (chaguo la kwanza, la pili na kuendelea), utaratibu ulioanza kutumika kwa urais mwaka 2020. Nimesoma maelezo ya jimbo, nimewachorea hata mfano wa karatasi ya kura, bado hatujaelewana.

Mzee akimchagua mgombea mmoja tu na kuacha nafasi nyingine wazi, kura yake inahesabiwa? Na chaguo la pili likianza kuhesabiwa, wilaya huhesabiwa peke yake au pamoja na jimbo zima? Aliyewahi kufanya kazi kituoni huku Maine anisaidie tafadhali, sitaki kuwapotosha wazee.